KARAFUU YA MWITU: KUYATAMBUA MAUA YA NJANO YA MABONDENI, SHINYANGA NA GEITA



Mikononi mwetu zimepita karafuu zisizo hesabu. Tumezichuma, tumezichambua na makonyo yake, tumezianika majamvini na kuzipima kwa pishi. Lakini mtu akituuliza ghafula, karafuu ina meno mangapi kichwani, wengi wetu tutasita kabla ya kujibu. Ni manne. Basi naomba kila msomaji atwae karafuu moja kavu kutoka jikoni aiweke mbele yake, kwa sababu ndiyo itakayotuongoza katika makala haya, ingawa khabari yenyewe yatoka mbali, katika nchi ya pamba, mpunga na dhahabu.

Itazame vizuri. Ule mguu wake mrefu si kikonyo, kama wengi wanavyodhani. Ndani yake, karibu na kichwa, mna chumba kidogo cha mbegu. Juu ya mguu yamesimama yale meno manne, na juu ya meno kiko kidonge cha mviringo: hicho ni petali nne, yaani majani ya ua, zilizofumbana zikingoja kufunguka. Kwa hiyo chumba cha mbegu kiko chini ya ua, wala hakiko katikati yake. Tumba likiachwa mtini mpaka likafunguka, petali huanguka, lakini meno hayaanguki. Mguu hunenepa, ukawa mpeta wenye mbegu, na meno yake yangali kichwani.

Alama hizo mbili, chumba cha mbegu chini ya ua na meno yanayobaki, si za mkarafuu peke yake. Wataalamu wa mimea wameuweka mkarafuu katika ukoo mmoja na mpera na mzambarau, na jirani ya ukoo huo uko mwingine ambao Waingereza huuita kwa jina la ua la jioni. Sababu ya jina hilo ni mmea mmoja wa Amerika, Oenothera, ambao hufunua maua yake jua linapokuchwa. Mafuta ya mbegu zake huuzwa katika maduka ya dawa. Ukoo wote una aina zaidi ya 600. Ua la jioni lenyewe si la kwetu. Wa kwetu ni ndugu zake wapendao maji, ambao kwa jina la kitaalamu huitwa Ludwigia. Linnaeus ndiye aliyewapa jina hilo, kwa heshima ya mganga na mjuzi wa mimea wa mji wa Leipzig, Christian Gottlieb Ludwig. Hawa hawangoji jioni: hufunua maua asubuhi, na mchana petali zao zimekwisha kupukutika.

Wenzetu wa Bara Hindi waliuona udugu huu zamani, bila ya vitabu. Aina moja kubwa ya Ludwigia huitwa kwa Kihindi *ban laung*, yaani karafuu ya mwitu, na katika Kisanskriti *bhulavanga*, karafuu ya ardhini. Ukiliona ganda lake la mbegu hutauliza kwa nini. Ni karafuu iliyovutwa ikawa ndefu, na meno manne juu.

Sasa nieleze nilivyokutana nayo.

Mdogo wangu aliondoka Pemba kijana, akafanya biashara ya nguo Shinyanga, kisha akahamia Geita ambako ameoa. Nilikwenda kumtazama mwezi wa Machi, nikakaa siku chache Shinyanga kwa rafiki zake kabla ya kushika njia ya Kahama kuelekea Geita. Kabla ya safari nilikuwa nikiamini, kama wengi wa visiwani, ya kwamba Shinyanga ni nchi ya vumbi tupu. Si ajabu kudhani hivyo. Miti mingi ilikatwa huko zamani ili kuwafukuza mbung'o, na mingine ikaondolewa kwa mashamba na kuni, hata mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa kuwa mkoa ulikuwa waelekea jangwa. Wasukuma wenyewe walikuwa na dawa ya tangu zamani, nayo ni ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ipumzike mpaka kiangazi, na mradi ule uliitegemea sana desturi hiyo.

Lakini mtu anayesema Shinyanga haina maji hajakanyaga udongo wake mwezi wa Machi. Nchi imepangwa kwa ngazi. Juu, chini ya vilima vya mawe, ni luseni, mchanga mwepesi. Ukishuka wakuta itogolo, udongo wa kijivu mgumu usiopitisha maji, na hapo ndipo Wasukuma wanapopiga matuta ya majaluba yao ya mpunga. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka wakati wa jua na kushika kiatu wakati wa mvua. Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, aliuona mpango wa namna hii katika Afrika Mashariki akauita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, mwaka 1935, na neno hilo sasa hufundishwa duniani kote. Kwa mtafuta maua, mnyororo huo ni ramani. Katika luseni usiitafute Ludwigia. Ianze kuitafuta kwenye majaluba, kisha mitaroni, kisha kandokando ya malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, na mwisho mwambao wa Ziwa Viktoria penye mafunjo, upande wa Geita.

Aina ya kwanza niliyoiona ilikuwa juu ya tuta la jaluba, yanifika kifuani. Hii ndiyo karafuu ya mwitu ya Wahindi, Ludwigia octovalvis. Shina lake huwa gumu kama mti upande wa chini. Majani ni membamba yenye ncha, yamepangwa moja moja kwa zamu, na kingo zake ni laini zisizo meno ya msumeno. Ua ni la njano safi, petali nne, kila moja imebonyea kidogo katikati ya ukingo wa juu, na ndani mna vijiti vinane vya chavua. Ganda la mbegu ni refu, sentimita mbili hata nne na zaidi, jembamba, lenye mifupa minane inayoonekana kwa urefu wake. Jina *octovalvis* latokana na hiyo minane. Ukilivunja lililokauka, humwagika mbegu ndogo mno kama unga. Nilijaribu kuzihesabu za ganda moja nikaacha.

Ya pili husimama majini hasa, Ludwigia abyssinica, nayo ni ya Afrika yetu. Hii utaijua kwa shina, maana mara nyingi ni jekundu, na kwa maua madogo yaliyosongamana mawili, matatu na zaidi katika kwapa la kila jani. Ua lina petali nne lakini vijiti vya chavua ni vinne tu, si vinane. Maganda ni mafupi na membamba. Mkulima mmoja wa huko aliniambia kwamba mpunga ukipandwa kwa kuchelewa, nyekundu hii hutangulia kuinuka, na anayeingoja mpaka itoe maua ameipalilia mwakani mara mbili.

Ya tatu haisimami kabisa. Hutambaa matopeni na kuelea juu ya maji, ikitoa mizizi katika kila kifundo, na penye vifundo huwa na vitu vyeupe laini kama sifongo vinavyoiwezesha kuelea. Hii ndiyo Ludwigia adscendens ya Afrika, iliyokuwa ikiitwa stolonifera. Hapa msomaji aangalie, kwa kuwa ile kanuni ya manne huvunjika: ua lake ni la njano, lakini petali ni tano, meno matano na vijiti vya chavua kumi. Mimi nilipoiona kwanza katika lambo moja njia ya Kahama nilisema si ya ukoo huu. Nikavua ua moja nikaligeuza, nikaona chumba cha mbegu kiko chini ya petali vile vile, kama mguu wa karafuu. Basi hesabu yaweza kubadilika, nafasi ya chumba haibadiliki.

Ziko na nyingine, kama ile yenye ganda la pembe nne, na nyingine iliyosimama wima yenye manyoya na petali tano. Lakini anayezijua hizi tatu hatapotea sana. Aone tu kwamba vitabu vya zamani vina majina mengine. Bwana Brenan alipoandika sehemu ya ukoo huu katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki, mwaka 1953, nyingi za hizi ziliitwa Jussiaea. Mwaka 1963 Bwana Raven akaziunganisha zote katika Ludwigia, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Kuna jambo moja la kufanya kazini ambalo watu husahau: nenda asubuhi. Baada ya saa sita mchana petali zimekwisha anguka, na mmea unakuwa wa kijani mtupu. Ukichelewa, usihangaike na petali. Tazama ganda na meno yake. Tena ukigusa chavua kwa ncha ya mwiba, asubuhi, utaona yavutana nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo nayo ni alama ya ukoo.

Mimi sikwenda asubuhi, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Nyumbani kwa mdogo wangu, nje ya mji wa Geita, shemeji yangu alikuwa mja mzito wa miezi sita. Yeye ni Msukuma, na mboga aipendayo kuliko zote ni mlenda. Alasiri moja, nikitaka kujionyesha mgeni mwenye manufaa, nilichukua kikapu nikashuka bondeni. Nilikuta dimbwi kubwa lenye majani mabichi pembeni, nikaona mimea mirefu yenye majani membamba na maganda marefu yaliyosimama. Mlenda wa mwitu una maganda marefu vile vile. Nikachuma kikapu kizima, mlenda na kisicho mlenda pamoja, nikarudi na furaha yangu.

Shemeji alitia mkono kikapuni, akatoa tawi moja akaliweka juu ya meza. "Shemeji, huu si mlenda," akasema, bila ya kucheka, jambo ninalomshukuru. Akanifundisha. Jani la mlenda lina meno ya msumeno ukingoni, na pale linapoanzia, upande huu na huu, kuna mikia miwili myembamba kama ndevu za kambale. Jani la Ludwigia halina mkia wala msumeno. Ganda la mlenda huishia kwa mdomo mmoja uliochongoka, au, katika aina nyingine, kwa vipembe vitatu vidogo. Haliishii kwa meno manne. Ua la mlenda ni la njano pia, lakini petali zake ni tano, vijiti vya chavua ni vingi, na chumba cha mbegu kimekaa katikati ya ua, juu ya petali. Na ukilisugua jani la mlenda vidoleni, huteleza. Ni mambo ambayo mtoto wa Kisukuma huyajua kabla hajaingia skuli, nami mwenye mvi nimeyajua kwa mkosi.

Nikadhani tutachambua, tutupe kisichofaa tupike kinachofaa. Akaniuliza nilichuma wapi. Nilipomwambia, alimwaga kikapu chote shimoni, mlenda wa kweli na wa uwongo, akaenda kunawa mikono.

Dimbwi lile lilikuwa la mwaloni. Geita imekuwa nchi ya dhahabu tangu wakati wa ukoloni. Mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Lakini pembeni ya migodi mikubwa wako maelfu ya wachimbaji wadogo, katika Geita, Kahama na kwingineko, na njia yao ni nyingine. Jiwe husagwa kwa karasha, unga huoshwa kwa maji mwaloni, kisha huchanganywa na zebaki, nayo hushikana na dhahabu ikawa donge. Donge hutiwa motoni. Zebaki hupaa kwa mvuke, dhahabu hubaki. Mchanga uliooshwa, waitao marudio, hulundikwa hapo hapo, nao una zebaki iliyosalia. Mvua ikinyesha, hutelemka bondeni. Katika matope yasiyo hewa vijidudu huigeuza zebaki ikawa ya namna mbaya zaidi, ambayo huingia katika samaki, na kutoka kwa mama hufika kwa mtoto aliye tumboni na kudhuru ubongo wake. Tanzania iliridhia mwaka 2020 mkataba wa dunia wa kupunguza matumizi ya zebaki, uitwao mkataba wa Minamata kwa jina la mji wa Japani uliopatwa na msiba huo. Lakini dimbwi halisomi mkataba.

Sasa rudi kwenye ua letu. Ludwigia haina kosa. Yeye ni mmea wa majini, hupenda udongo uliofukuliwa na maji yaliyotuama, na mwalo humpa vyote viwili. Ataota kwenye jaluba safi na kwenye dimbwi la marudio kwa sura ile ile, njano ile ile, meno manne yale yale. Mimea inayosimama katika matope ya namna hiyo hunyonya madini mazito kwa mizizi, na majani yake hubeba vumbi na tope ambalo kuosha hakuliondoi lote. Kwa hiyo mwenye kitabu mkononi, hata akiutaja mmea kwa jina lake la Kilatini bila ya kukosea, angali hajajua kama yafaa kuuchuma, mpaka ajue maji yale yametoka wapi. Shemeji hakuwa na Kilatini hata neno moja, lakini aliuliza swali hilo kwanza.

Naye hakuwa wa kwanza Usukumani kuutambua mmea papo hapo ulipo. Huko Shinyanga, idara ya utafiti wa mbung'o ilikuwa na mjuzi wa mimea, Bwana Bernard Burtt, aliyetunga mwongozo wa kutambua miti na vichaka vya Tanganyika kwa alama ambazo mtu aweza kuziona porini. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege, pamoja na mkuu wake, Bwana Swynnerton. Mwongozo wake uliendelea kutumika baada yake. Mimi natamani ungekuwapo wa namna hiyo kwa Kiswahili, wa magugu ya mpunga peke yake.

Kabla sijamaliza nitaje mdanganyifu mmoja zaidi, maana huyu yuko hata kwetu visiwani, kando ya njia na mashambani. Ni mgagani wa njano. Una petali nne za njano na ganda refu lililosimama, na mtu mwenye haraka ataapa ni Ludwigia. Lakini jani lake limegawanyika vipande vitatu au vitano kama vidole, mmea wote hunata mkononi na kunuka, na ganda lake limeinuka kutoka katikati ya ua, kichwani halina taji la meno. Tena wapenda mahali pakavu.

Nasi wenye mashamba ya karafuu vilimani tuna mabonde ya mpunga chini yake, na wenzetu wa Unguja wana Cheju na Kibokwa. Ludwigia haitambui bahari kuwa mpaka. Ikitokea katika bonde lako, ile inayosimama ing'oe na mizizi yake kabla ganda halijakauka, kwa kuwa ganda moja lililopasuka ni kazi ya palizi ya mwakani. Ile inayotambaa usiikatekate kwa jembe ukaiacha majini: kila kifundo kitakuwa mmea. Itoe yote, uitandaze juani mahali pakavu mpaka ife kabisa. Na mwenye shaka na mmea wake, aubane ndani ya gazeti kuukuu, na ganda lake pamoja, auandikie ulitoka bonde gani na maji yake hutoka wapi, aulete mkutanoni. Petali kama zimeanguka si neno. Mimi nitakuja na karafuu mfukoni.